Kumtafuta wa Nne



Mchezo wa karata unaochezwa barazani kwetu una jina ambalo lenyewe ni hesabu. Wahedi wa sitini ni sitini na moja kwa Kiarabu, na sitini na moja ndizo pointi wanazohitaji mtu na mwenziwe ili washinde. Pointi zote ni 120. Mwenye kupata 60 hajashinda wala hajashindwa, na hapo ndipo ugomvi huzuka, kama tutakavyoeleza. Huchezwa na watu wanne, wawili wawili, kila mtu akiwa amemkabili mwenziwe. Karata za nane, za tisa na za kumi huwekwa kando, zikabaki 40, na kila mchezaji hugaiwa 10. Ree ndiyo kubwa, nayo ina pointi 11. Inayoifuata kwa cheo si mfalme bali ni seti, yaani ile ya saba, yenye pointi 10. Kisha huja wazungu watatu, wa nne, wa tatu na wa pili, kila mmoja akibeba pointi zilizomo katika jina lake. Yaliyobaki ni magarasa, ambayo hayana pointi hata moja. Anayeanza hutupa karata, wengine hufuata kwa aina ile ile, na asiyekuwa nayo aweza kukata kwa turufu. Aliyeweka kubwa huzizoa zote nne.

Sikio likitulia barazani husikia historia nzima ya pwani yetu. Jina la mchezo ni la Kiarabu, lakini karata, turufu, kopa, shupaza, uru, pau na seti ni maneno aliyotuachia Mreno, yule aliyeanza kuijenga ngome ya Mombasa mwaka 1593 na Waomani wakamtoa mwaka 1698. Huko Ureno hadi leo wanao mchezo wauitao sueca, wenye karata 40 na pointi 120, ambamo saba humpita mfalme vilevile. Mizinga yake imebaki kuwa ya kutazamwa na watalii. Karata zake tungali tunazichanganya kila jioni, na matusi tunayoyapiga tukishindwa ni ya Kiswahili.

Tunajua wamo wasomaji wasiopenda hata kuliona neno karata katika jarida la familia, na sababu yao ni kamari. Hatuandiki ili kubishana nao. Twasema tu kwamba katika baraza hili, tangu enzi za babu yetu, haijawekwa hata ndururu, na kwamba adhana inapolia karata hufunikwa juu ya mkeka zilivyo. Atakayezichungulia wenziwe wakiwa msikitini, mtaa mzima unajua atakavyoitwa.

Ami yetu, ndugu mdogo wa marehemu baba, ana miaka sabini na ushei. Kwa zaidi ya miaka thelathini mwenziwe wa karata alikuwa mtu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Maalim. Walicheza dhidi ya fundi saa wa mtaani na jirani yetu wa mlango wa pili, kila siku baada ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa na mwezi wa Ramadhani. Maalim alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, wale watatu walikaa siku nyingi wakinywa kahawa bila ya kuzigusa karata. Kisha wakajaribu kumwingiza mtu mwingine, na mwingine baada yake. Wa kwanza alikuwa msemaji mno. Wa pili alikuwa na haraka. Wa tatu, alisema Ami, hakuwa na kasoro yoyote, ila hakujua kusikiliza. Tulidhani anazungumzia masikio.

Baada ya huyo wa tatu Ami akaanza kukaa ndani. Mtu wa baraza akianza kukaa ndani, watu wa nyumba huanza kuhesabu. Tulihesabu vipande vya mkate alivyovibakiza, na mara alizolala kabla ya Isha akaamshwa kwa kuswali. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa. Sisi tuliona anao, lakini si wa kupimwa kwa mashine.

Kijana wetu, ambaye anasomea sayansi ya tarakilishi katika chuo kikuu, alikuja likizo ndefu akamkuta katika hali hiyo. Baada ya shikamoo na marahaba alikaa miguuni pake akamwambia, "Babu, nikikuundia wa nne je?"

Ami alimtazama kwa muda. "Atakuwa anakunywa kahawa?"

Ndivyo ilivyoanza kazi iliyochukua likizo nzima, pamoja na tokeni za umeme ambazo Shangazi angali anazitaja: kazi ya kuifunza akili unde kucheza wahedi wa sitini.

Hatua ya kwanza haikuhitaji tarakilishi. Ilihitaji kalamu. Programu haielewi ukiiambia "kama kawaida"; kila kitu lazima kielezwe mpaka mwisho wake, na kumbe sheria za mchezo wetu hazikuwa zimeandikwa popote nyumbani wala mtaani. Tukanunua daftari. Ami akataja sheria, jirani akaipinga. Turufu ni karata ya mwisho ya mgawaji, au ni ile inayofunuliwa kwa kukata fungu zima la karata? Asiye na aina iliyotupwa analazimika kukata, au hukata akipenda? Watu waliocheza pamoja miaka thelathini waligundua kuwa walikuwa wakikubaliana kwa mazoea tu, na kwamba kila mmoja aliyaeleza mazoea hayo kwa namna yake. Fundi saa alichukua viatu vyake akaondoka mara mbili.

Siku ya tatu, mzozo ukiwa umepamba moto, sauti ya Shangazi ilitoka nyuma ya pazia. Turufu ni karata ya mwisho ya mgawaji, alisema. Huonyeshwa watu wote, kisha mwenyewe huitia mkononi. Asiye na aina halazimiki kukata. Anayesema analazimika, aseme alijifunza kwa nani. Wanaume wakanyamaza. Shangazi amecheza wahedi wa sitini na wanawake wenziwe huko ukumbini kwa miaka hamsini, tangu alipokuwa mwari, na haikuwahi kumpitikia mwanamume yeyote wa nyumba hii kumuuliza. Kuanzia siku hiyo daftari lilipelekwa ndani kwanza, likatoka nje likiwa limesahihishwa.

Jambo moja tu liliwashinda hata ndugu hao wawili, nalo ni sitini kwa sitini. Ami alishikilia kuwa hapo hakuna aliyepata kitu, na mchezo unaofuata huhesabiwa kwa miwili. Shangazi alishikilia kuwa upande wa mgawaji ndio ulioshindwa. Kijana akaacha ukurasa mtupu, akaendelea.

Inafaa tueleze kwa nini karata zimeisumbua akili unde kuliko michezo mingine iliyo na sifa kubwa zaidi. Katika bao au sataranji hakuna kilichofichwa. Kete zote ziko mbele ya macho ya wote wawili, na aliye mwepesi wa kuhesabu yatakayofuata ndiye mwenye nguvu. Ndiyo maana tarakilishi ya Deep Blue iliweza kumshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, mwezi Mei mwaka 1997. Karata ni jambo jingine. Ukiwa umeshika 10 zako na hujaonyeshwa nyingine yoyote, zile 30 zilizobaki zaweza kuwa zimegawanyika mikononi mwa wenzako watatu kwa njia 5,550,996,791,340. Hiyo ni zaidi ya trilioni tano, na ni kabla ya karata ya kwanza kutupwa. Kijana alipoiandika hesabu hiyo daftarini, fundi saa alisema sasa ameelewa kwa nini hushindwa.

Wataalamu walioshughulika na mchezo wa briji, ambao ni jamaa wa mbali wa mchezo wetu, walitafuta hila. Mmarekani Matthew Ginsberg aliunda programu iliyoitwa GIB, iliyotwaa ubingwa wa dunia wa programu za briji mwaka 1998 na 1999. Hila yake ilikuwa hii: programu hukisia migao mingi ya karata zisizoonekana, huucheza kila mgao kana kwamba zote ziko wazi, kisha huchagua karata iliyofaa katika migao mingi zaidi. Zia Mahmood, mchezaji mashuhuri wa briji mzaliwa wa Karachi, alikuwa ametangaza dau la pauni milioni moja kwamba hakuna programu itakayoishinda timu yake. Alipoiona GIB inavyocheza, aliliondoa dau lake. (Shangazi, aliposikia habari hiyo, hakutaka kujua zaidi kuhusu mtu anayeweka dau la pauni milioni.)

Lakini hila hiyo ina tundu, nalo lilielezwa vizuri mwaka 1998 na watafiti wawili, Ian Frank na David Basin. Programu inayokisia hivyo hupanga mambo kana kwamba pazia litafunuliwa kesho. Huahirisha uamuzi mgumu ikidhani kuwa wakati utakapofika itakuwa inajua nani ameshika nini, na wakati ukifika haijui. Kwetu sisi ubaya mkubwa zaidi ulikuwa mwingine. Katika dunia ambamo karata zote ziko wazi, hakuna haja ya kumwambia mwenzio kitu. Mchezaji aliyefunzwa katika dunia hiyo hasemi, wala hasikilizi. Kijana alipotueleza hayo, tulikumbuka yule wa tatu aliyejaribiwa barazani.

Mwezi Machi mwaka 2022, huko Paris, programu iitwayo NooK, ya kampuni ya NukkAI, ilipambana na mabingwa 8 wa dunia wa briji. Kila bingwa alicheza migao 100 iliyofungwa kumi kumi, na NooK ikashinda mafungu 67 kati ya 80. Ulikuwa ushindi wa kweli, na walioisifu hawakukosea. Hata hivyo mnada wa briji, yaani ile sehemu ya mwanzo ambayo watu wawili huelewana kwa ishara za halali kabla ya kucheza, uliwekwa kando. NooK ilicheza nafasi ya yule ambaye karata za mwenziwe hulazwa wazi mezani, azicheze mwenyewe. Kwa maneno mengine, lile ambalo Ami aliliita kusikiliza halikuwamo.

Kijana wetu alichagua njia nyingine, inayofaa kwa tarakilishi ya kupakata ya mwanafunzi. Aliandika programu moja, akazikalisha nakala nne zake mezani, zikawa zinacheza zenyewe kwa zenyewe. Upande ulioshinda, yale uliyoyafanya yalipewa uzito kidogo. Upande ulioshindwa ukapunguziwa. Mara ya kwanza zilikuwa zikitupa ree kama mtu anayetupa maganda ya chungwa. Mashine iliachwa usiku kucha juu ya sinia ya shaba iliyogeuzwa ili ipoe, pangaboi likiipepea, na ilicheza michezo mingi kwa usiku mmoja kuliko aliyoicheza Ami maishani mwake. Baada ya wiki mbili ilikuwa imebadilika. Ilikumbuka kila karata iliyopita. Ikibaki mizunguko mitatu, mara nyingi ilijua nani amebakiwa na nini. Kijana mwenyewe hakuweza kuishinda, wala sisi. Watoto waliipa jina la Mzungu wa Nne, kwa kuwa ilikuja kukaa mahali pa mtu wa nne, na jina likashika.

Kwa kuwa Mzungu wa Nne hana mikono, alihitaji mtu wa kumshikia karata, amwingizie kila kinachotupwa, asome jibu, aiweke karata mkekani. Kazi hiyo alipewa binti yetu mdogo, mwenye miaka kumi, kwa sharti la bibi yake kwamba kazi ya shule itangulie.

Jioni ya kwanza watu walijaa. Ami alivaa kanzu iliyopigwa pasi, jambo lililotufurahisha kuliko lolote. Turufu ilikuwa shupaza. Katika mzunguko wa pili Ami akatupa ree ya kopa. Jirani akafuata kwa garasa. Mzungu wa Nne alikuwa na seti ya kopa na garasa moja la kopa. Mtu yeyote aliyekulia kwenye mkeka angemtilia mwenziwe seti palepale: ree ni ya kwetu, kopa ndiyo kwanza inaanza, mtu wa mwisho ni vigumu awe hana ya kufuata, pointi 21 zinakwenda nyumbani. Mzungu wa Nne akaweka garasa.

Ami hakusema kitu, ila tulimwona akiitazama ile karata kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Katika lugha ya barazani, garasa chini ya ree ya mwenzio lina maana moja tu, kwamba seti sinayo mimi, iko kwa maadui. Basi Ami akaikimbia kopa, asiirudie tena. Baadaye Mzungu wa Nne alipopata zamu ya kuanza, aliitupa ile seti mwenyewe. Wakati huo jirani alikuwa ameshaishiwa na kopa, akaikata kwa garasa la shupaza. Mchezo ukaisha 58 kwa 62.

Usiku ule kijana aliichunguza programu akakuta kwamba haikuwa imekosea hesabu. Zile nakala nne, katika michezo yao ya usiku, zilikuwa zimezoea kuihifadhi seti, kwa kuwa ree ikishaondoka seti ndiyo kubwa, na nakala iliyoketi mkabala ilijua kwamba garasa katika hali ile ni habari njema: nirudishie kopa, ninayo. Zilikuwa zimejitungia lugha. Lugha yenyewe haikuwa mbaya. Ubaya wake ni kwamba watu wote walioijua walikuwa ni mtu mmoja.

Ami alilisema hilo kabla ya kuelezwa. Alipokuwa akivua kofia yake barazani, alisema, "Anacheza vizuri. Lakini anacheza na mtu mwingine, ambaye hayupo hapa."

Baadaye tulikuja kufahamu kuwa wakubwa wa fani hii nao wamekwama papo hapo. Upo mchezo wa karata uitwao Hanabi, uliotungwa na Mfaransa Antoine Bauza, ambamo wachezaji wote wako upande mmoja na kila mtu huziona karata za wenziwe bila ya kuziona zake. Watafiti wa Google na DeepMind waliutoa mchezo huo uwe mtihani wa akili unde, kwa sababu programu zilizojifunza kwa kucheza na nafsi zao zilielewana vizuri mno zenyewe kwa zenyewe, na zikawekwa na mgeni huvurugikiwa. Tulipata faraja kidogo kuona kuwa tatizo la mkeka wetu linawakosesha usingizi watu wenye mitambo ya thamani.

Dawa ilikuwa ni watu. Mzungu wa Nne alihitaji kuonyeshwa jinsi watu wa mtaa huu wanavyocheza, karata kwa karata. Maalim alikuwa na daftari lake, ambalo wanawe walituazima kwa moyo mweupe, lakini tulipolifungua tulikuta matokeo tu: tarehe, majina, 74 kwa 46, 61 kwa 59. Alichokitupa, na kwa nini, hakikuandikwa. Kwa hiyo tukaanza upya. Kila mchezo uliochezwa uliandikwa wote, wa barazani na wa ukumbini. Binti yetu akawa karani.

Na Ami akawa mwalimu. Kila baada ya Alfajiri alikaa na kijana, wakagawa karata zikiwa wazi, na kijana akamuuliza: hapa mwenzio afanye nini? Siku za mwanzo Ami alijibu kwa neno moja moja. Kisha majibu yakaanza kurefuka. Hapa Maalim angeanza na garasa la pau ili kunijulisha kwamba pau anazo chache, nimrudishie akate mapema. Hapa angejifanya anafikiri, akatazama juu, kumbe ameshaamua. Asingekonyeza kamwe, alisema kukonyeza ni wizi na macho ya mwizi huharibika. Hapa, mwaka ule wa mvua kubwa za El Niño, maji yakiwa yamefika kizingitini, alinitilia ree yake ya turufu ili jirani aone kuwa tumekwisha, akaacha kuhesabu. Tangu siku ya maziko hatukuwa tumemsikia Ami akilitaja jina la Maalim. Sasa tulilisikia kila asubuhi kabla ya chai, na mmoja wetu aliyekuwa akipita na birika alikuwa akitembea polepole makusudi.

Kijana, ambaye ana huruma lakini pia ana haraka ya ujana, aliliona hilo akadhani ameelewa linakoelekea. Akapendekeza programu ifunzwe kwa kumbukumbu hizo peke yake, icheze kama Maalim hasa, tabia zake na mitego yake. Alisema inawezekana, yakipatikana mashauri ya kutosha. Ami aliziweka karata chini.

"Mfundishe adabu ya mchezo," alisema. "Usimfundishe kuwa yeye."

Neno hilo lilizungumzwa sana ndani ya nyumba. Wako kati yetu walioona kuwa hakuna dhara, ni karata tu, na mzee angefarijika. Shangazi hakukubali, na tunadhani alikuwa na haki. Alisema mtu aliyefariki amekwisha kutupa karata yake ya mwisho, na si ungwana kumtupia nyingine. Sisi tuliona pia jambo la kawaida zaidi: kwamba Ami hakuwa akimtafuta Maalim. Alikuwa anajua alipo. Alikuwa akitafuta mtu wa kucheza naye.

Basi yaliyoandikwa kutokana na michezo ya watu wote yakachanganywa pamoja, ya fundi saa, ya jirani, ya Shangazi na masahibu zake, na majibu ya Ami yakiwa bila jina. Programu ikafunzwa kwanza kuwaiga watu, kisha ikarudishwa kucheza na nafsi yake, lakini safari hii ikapigwa faini kila ilipokwenda mbali mno na yale ambayo watu wangeyafanya. Ikawa dhaifu kidogo ikicheza dhidi ya nakala yake ya zamani. Ikiketi mkabala na Ami, ilikuwa afadhali sana. Alipotupa ree, ilitilia seti. Ilipotupa garasa la aina fupi, Ami alijua aina fupi ni ipi.

Habari zilipoenea, kijana mmoja anayejuana na wetu alikuja na pendekezo kwamba mchezo huo utiwe katika simu, watu wacheze kwa kuweka hela kidogo kidogo, na sisi tupate fungu letu. Alizungumza kwa adabu, alikuwa na hesabu zake kwenye karatasi. Alipewa kahawa na kashata, akasindikizwa mpaka pembeni mwa njia. Hilo halikuhitaji kikao.

Ami amerudi barazani. Hatusemi kuwa ni kwa sababu ya mashine. Miezi ilikuwa imepita, na huzuni nayo ina mwendo wake. Anacheza na Mzungu wa Nne siku tatu au nne kwa wiki na humlalamikia kama alivyomlalamikia kila mtu. Lalamiko lake kubwa ni kwamba hawezi kumlaumu baada ya mchezo. Maalim walikuwa wakigombana naye mpaka mlangoni mwa msikiti, na huo, anasema, ulikuwa nusu ya mchezo.

Mwezi uliopita, Ami alitupa ree ya uru, na kabla ya kioo kuonyesha jibu lolote, seti ya uru ilikuwa imeshalala mkekani. Jibu lilipokuja lilikuwa ni hilo hilo. Fundi saa akapaza sauti kwamba upande ule una watu watatu. Ami hakumsikiliza.

"Nani amecheza hiyo?"

"Mimi, Babu," alisema binti yetu. "Si ree ni ya kwetu?"

Kumbe kwa miezi yote ile, huku akimwingizia Mzungu wa Nne kila karata na kuandika kila mzunguko, alikuwa akijifunza bila ya kufunzwa, kwa daftari lile lile na kwa mwalimu yule yule. Siku hizi, baada ya Isha na kazi ya shule ikiwa imekaguliwa, mchezo wa ukumbini huwa na pande mbili: Ami na mjukuu wake upande mmoja, Shangazi na Mzungu wa Nne upande wa pili. Shangazi anampenda mwenzi wake huyo. Anasema hana maneno, hasahau, na hamdai kahawa. Mpaka tunaandika haya wao wawili ndio walio mbele kwa michezo minne.

Ukurasa ule wa sitini kwa sitini ungali mtupu. Wiki iliyopita mchezo uliisha hivyo hivyo, 60 kwa 60, Shangazi akiwa ndiye aliyegawa, na ndugu wawili wakasemezana mpaka taa za jirani zikawaka. Programu kwa sasa hushika kauli ya yeyote aliye karibu nayo, jambo ambalo halimridhishi yeyote. Wasomaji wetu wa Lamu, Siyu, Malindi, Vanga na kwingineko ambako mchezo huu huchezwa, tunaomba mtuandikie kupitia jarida hili mtueleze mabarazani na kumbini mwenu hufanywaje, na mlijifunza kwa nani. Yatakayotufikia tutamsomea Ami na Shangazi wakiwa pamoja, na binti atayaandika.